Ratili Isiyopigwa Muhuri

Juu ya duka la Shali Omari, Malindi, mtaa wa Shela,
chumba changu kina feni moja na dirisha lisilofunga sawasawa.
Chini wanapima misumari kwa kilo.
Juu mimi napima riba:
masoko kumi na moja ya mikopo, yasiyo na mlango wala kibao cha jina,
kila dakika yananitajia bei ya kukopa,
nami nazichanganya, kila bei kwa uzito wake,
nitoe nambari moja.
Wenyewe wanaiita faharasa.
Mama huiita ile kazi yako ya namba.

Leo nimekuja kustaafisha matatu.

La kwanza na la pili sina neno nayo.
Watu waliyahama kama wanavyohama kisima kilichoingia chumvi,
mmoja mmoja, bila kugombana,
na riba zake zimelala kwenye sufuri.
La tatu ndilo lililoniweka hapa tangu adhuhuri,
chai imeota utando.

Hili lilikuwa soko.
Mwaka nilioanza kazi, ndilo lililonifundisha kuhesabu.
Sasa wamebaki wakopeshaji tisa,
na mkopaji mmoja aliyechukua karibu amana yote
akaenda zake.
Wale tisa hawawezi kutoka: sanduku tupu.
Na kanuni iliyoandikwa humo, isiyojua kuona haya,
inasema fedha ikiadimika, riba ipande.
Basi imepanda. Arobaini na moja kwa mia.
Mgeni akiitazama atasema, hapa pana biashara!
Ningeiita homa, lakini maiti hana homa.
Sijui nilifananishe na nini.

Kahindi Nzai wa Barani haijui faharasa.
Anaijua pikipiki yake, na chama kilichomkopesha,
na kwamba riba ya chama hufuata nambari fulani ya mtandaoni.
Tangu Rajabu analipa mia mbili na thelathini zaidi kwa mwezi.
Alimuuliza mweka hazina, naye akasema: soko limepanda.
Soko gani?
Hakuna aliyemjibu, na mimi niliyeweza kujibu
nilikuwa nimekaa nyuma yake kwenye pikipiki hiyo hiyo,
nimepakata mfuko wa mihogo, nimenyamaza.

Fomu ina kisanduku: Sababu ya kuondoa.
Nikaandika, mkono ukikimbia mbele ya akili:

    Soko lisilo watuwe, bei yake si ya kweli,
    Hata likipiga yowe, sauti haina mwili,
    Ninaomba litolewe, lisitutie ughali,
    Na deni lisilipiwe, na asiyekula mali.

Nikahesabu kwa vidole. Mizani imetimia.
Nikafuta.
Nikaandika: Ukwasi uko chini ya kiwango kwa siku tisini.
Nikabonyeza.

Hakuna kilichoanguka. Feni iliendelea.
Kutoka sita nukta nane nne
nambari ikashuka hadi tano nukta tisa moja,
kama mtu aliyetua ndoo.
Soko lenyewe halikufa; uwezo huo sina.
Liko kule kule, na wale tisa ndani,
bado linatangaza arobaini na moja, arobaini na moja,
ila hakuna anayeandika.
Niliitazama mikoba yao: herufi na tarakimu, bila jina.
Mmoja una sarafu kumi na mbili tu.
Nani huyo? Pengine naye alikuwa anajifunza.

Nikishuka nilijikwaa mlangoni.
Shali ameuegemeza mlango kwa ratili yake kuukuu ya chuma,
ile ambayo watu wa vipimo waliikataa, hawakuipiga muhuri,
kutu imeila upande.
"Mbona hujaitupa, Bwana Shali?"
"Nitupe? Hebu inua, Mwanakombo."
Nikainua. Nzito.
"Basi uzito inao," akasema. "Ni kwamba haipimi."
Akairudisha kwa ncha ya kiatu,
akaenda kumpimia mtu misumari.